Daftari la Ndege

Siku ya nane mkono husema kweli.
Kabla ya hapo ni mchubuko wa kisu tu,
baada ya hapo ni kovu, na kovu halina haraka.
Lakini siku ya nane lengelenge limejaa, lina kitovu katikati,
na mimi, mkaguzi wa chanjo wa wilaya ya milimani,
nashuka kwenye farasi wangu mfupi mwenye pumu
kuvihesabu vitovu hivyo.
Safu mbili: imeshika, haikushika.

Bwana Daktari Verhulst yuko mjini, penye saa ya ukutani.
"Sutadirana," husema, "tarakimu."
Tarakimu hazipandi mlima zenyewe.
Hubebwa mkononi mwa mtoto:
tunamchanja Icih huku Cikawung, tunamlisha,
tunamtembeza siku mbili matopeni,
na maji ya lengelenge lake tunayapanda
katika mikono kumi ya kijiji kinachofuata.
Mama yake hufuata nyuma, analia bila sauti.
Mimi hujifanya natazama mawingu.

Mwaka ule Ardiwangsa, mchanjaji wa bonde la juu,
alileta daftari safi kupita kiasi.
Watoto arobaini na mmoja. Wote: imeshika.
Nikayafuata majina kwa kidole.
Galatik. Caladi. Kuntul. Saeran. Puyuh.

Daktari angetia sahihi; kwake yote ni Kisunda.
Lakini mimi nilikua na ulimbo mkononi.
Huyu ni mla mpunga mwenye mdomo mwekundu,
huyu kigogota, huyu yangeyange,
huyu mlamba, huyu tombo.
Mchanjaji wangu alikuwa amechanja ndege.

Hasira ilinipandisha mlima, farasi akanifuata.
Analipwa kwa kichwa, nikajisemea,
amekaa kivulini akitazama matawi.

Kijiji kilikuwa kitupu. Moto mekoni, mvuke wa wali,
mtu hakuna,
isipokuwa Antamirah na ungo wake,
ambaye hakuinuka.

"Hilo daftari ndilo lile la kahawa?"
"La ndui."
"Mwaka juzi nalo lilikuwa la ndui.
Walioandikwa waliitwa, jina kwa jina,
wakapande kahawa ya serikali.
Wanangu wawili.
Mmoja alirudi."

Ungo ukaendelea: shh, shh.
Sikuwa na neno. Nilivua kilemba nijifute jasho,
ndipo akauona uso wangu wote,
uso uliolimwa na ndui mwaka nilipozika ndugu wanne
kabla mpunga haujachanua.
Aliutazama kitambo, tundu kwa tundu,
kama mtu akaguaye hesabu ya mwenzake.
Kisha akageukia mianzi:
"Galatik!"

Mianzi ikatikisika.
Wakatoka, wa kwanza ana tope hadi magotini,
wa pili amembeba wa tatu,
mikono wazi, na katika kila mkono
lengelenge zima, jeupe, lenye kitovu.
Nikashika kiwiko cha mmoja. "Wewe nani?"
"Caladi."
"Nani kakupa jina hilo?"
Akacheka, pengo la meno mawili,
akakimbia kuwaambia wengine kwamba nimeuliza.

Nilihesabu arobaini.
Nikahesabu tena, maana ukungu ulikuwa unashuka
na watoto hawasimami.
Arobaini.
"Puyuh yuko wapi?"
Antamirah alipepeta pumba za mwisho.
"Tombo hujificha," akasema, akaingia ndani.

Nilikaa na daftari pajani hadi wino ukawa mzito.
Mpaka leo sijui
kama Puyuh alikuwa mtoto aliyeniogopa,
au mtoto aliyekuwa tayari mgonjwa mahali fulani,
au mstari tu, ambao Ardiwangsa aliununulia chumvi.
Sikumuuliza. Yeye naye hakuniambia.

Nikaandika: arobaini na mmoja.
Nikatia sahihi yangu ndefu, ile wanayoipenda mjini,
nikaupuliza wino, farasi akakohoa, tukashuka.

Mikono arobaini nimeisahau, namshukuru Mungu.
Huo mmoja ambao sikuuona
ndio naushika usiku, naupindua,
natafuta.