Nyuzi Arobaini na Moja

Redio ilikohoa saa tatu usiku, hapa Naryn,
nikaacha chai ipoe.
Toktosun, mchungaji, ameazimwa kidude cha setilaiti na shemeji yake,
ananisomea tarakimu kama mtoto anayesoma barua ya wakubwa:
nyuzi arobaini na moja kaskazini, dakika ishirini na...
upepo ukala iliyobaki.
Nyuzi sabini na tano mashariki, dakika kumi na mbili.
Hiyo niliipata nzima.

Nikatandaza ramani chini ya taa.
Mama yangu hushona mazulia ya sufi, nimekulia kwenye nyuzi,
najua uzi mmoja haushiki kitu.
Huu wa arobaini na moja umeizunguka dunia kama mshipi:
ukiufuata wenyewe tu, Toktosun aweza kuwa Istanbuli ananunua samaki,
au kajinyoosha ufukweni Barselona, mgongo umeungua jua.
Ule wa sabini na tano unaanguka toka ncha ya juu,
unaipasua India, unazama baharini,
hautui mpaka barafu ya kusini.
Mtu yuko pale zinapopishana. Pale tu. Fundo.

Nami nilikuwa na uzi mmoja na nusu.

Ishirini na tatu? Ishirini na sita?
Kwenye karatasi ni upana wa ukucha.
Kwenye theluji ni kilomita tano na ushei,
na dakika za ramani si dakika za saa,
ingawa usiku ule zote zilikuwa zinammaliza.

"Toktosun, unaona nini?"
"Weupe."
"Unasikia nini?"
Kimya. Kisha: "Maji. Chini ya barafu, mkono wa kushoto."

Nikaishusha rula polepole juu ya mstari wa kumi na mbili.
Mto unaukata mara moja tu,
kwenye ishirini na sita.
Nikatia penseli, nikamwamsha Jolchubek na farasi wake.

Walimleta alfajiri, vidole viwili vimekuwa vyeusi.
Wiki iliyofuata alikuja ofisini na jibini kavu mfukoni,
akauinamia ule msalaba wa penseli muda mrefu.
"Niliutafuta huo mstari," akasema.
"Nilifukua theluji kwa mikono."
"Ukakuta nini?"
"Mavi ya kondoo. Yalikuwa bado na joto."