Lebo Chini ya Mto

Wageni hucheka jina la mji wetu.
Sisi wa Moshi tumelizoea,
kama fundi anavyozoea vumbi la sponji puani.

Kochi lile nililitengeneza mimi.
Mbao za msindano, kitambaa cha zambarau
kinachong'aa kama suti ya bwana harusi.
Nakaniwa alilipa kwa awamu nane,
ya mwisho ndoo ya parachichi na noti mbili.
Siku ya kulipeleka tuling'oa fremu ya mlango.
Akageuza mto, akaona lebo.
"Limepimwa?"
Nikasema, "Si unaona limeandikwa?"

Lebo ile, jamani.
Niliitoa kwa wembe kwenye kochi la mtumba, Kiboriloni,
kochi lililochoka, la watu wa mbali.
Ina picha ya kiberiti na sigara, na maandishi
ambayo mimi wala yeye hatukuyafikisha mwisho.
Nilikuwa nazo kopo zima.
Nilizishona
kama mtu anayemvisha mtoto sare
ya shule asiyosoma.

Umeme ulikatika Jumanne.
Mshumaa juu ya kisahani,
kisahani juu ya mkono wa kochi.
Usiniambie kwenu hamfanyi.
Paka, au upepo, au usingizi wa mtu.
Nakaniwa alikuwa jikoni anamenya ndizi,
anasema ndizi ya nne ilikuwa bado mkononi.
Anasema kochi halikuwaka, liliyeyuka,
likatiririka sakafuni likiwa na moto wake,
kama uji uliomwagika,
na moshi ulikuwa mweusi, mzito, una utamu kooni.
Alimburuta mkwewe kwa shuka hadi uani.
Bibi yu hai. Anapumua kwa kelele,
kama mlango wa karakana yangu.

Sikulala.
Alfajiri, nyuma ya karakana, Pasua,
mimi na kijana wangu Ndetaramo
tulikata vipande viwili, kila kimoja kama sabuni.
Cha dukani, tulichozoea: njiti moja.
Tulipofika kumi na moja hapakuwa na kipande.
Cha lile la mtumba, lenye lebo yake halali:
kikaungua ukingoni, kikanuna, kikazimika.
Ndetaramo akapiga makofi.
Nikakiokota. Kikavunjika vidoleni kama keki ya juzi,
unga wa manjano, ule ule
unaomkohoza Aikande wangu
anapojenga nyumba zake chini ya meza ya kukatia.

Nina mteja mmoja, mwalimu wa kemia.
Akaniambia dawa ya kuzuia moto haikai ndani ya sponji.
Hutoka polepole, hulala sakafuni,
mtoto huilamba kidoleni.
Nikamuuliza, sasa mwalimu,
nichague moto au nichague vumbi?
Akasema, hilo ni swali zuri.
Walimu!
Akalipia stuli yake, akaenda.

Jioni nikamwaga kopo, nikazichoma lebo zote.
Nyingine ziligoma kuwaka.

Sasa naandika zangu, kwa wino usiofutika:
KOCHI HILI LINAWAKA. MSHUMAA UKAE MBALI.
ANAELI, FUNDI, PASUA.
Ndetaramo anasema nimejifungia duka mwenyewe.
Wateja watatu wamegeuza mto, wakasoma,
wakavuka barabara kwa jirani
mwenye picha ya kiberiti.

Wa nne alikuwa Nakaniwa.
Sikumtegemea. Nilishika nyundo bila kazi.
Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi jina langu.
Akaurudisha mto mahali pake, akaupigapiga.
Kisha akauliza bei ya lile benchi
la mbao tupu.