Jiko Moja

Julai, Kijichi. Kipupwe kimeingia
mpaka kwenye vitasa vya milango.
Mtu wa Dar akivaa sweta mchana
ujue mambo si ya mzaha.

Jana usiku kicheche alipita bandani.
Tukamwahi tetea akingali na roho;
Mzee Salehe, jirani, akapiga bismillahi,
nami nikamnyonyoa kwa maji ya moto
bila kuhesabu mayai aliyowahi kunipa.

Vifaranga tisa nimewatia katika boksi la sabuni,
chini pumba na kipande cha kanga kuukuu,
nikalisogeza karibu na jiko la mkaa.
Balbu yao imeungua,
na luku zimebaki uniti mbili.

Sufuria inatokota: tangawizi, kitunguu,
ndimu nitakamua mwishoni.
Tausi anakohoa, anataka bakuli la kwanza.
“Mama, mbona wamenyamaza?”
“Wamepata joto.”

Joto la nani, sikusema.

Nachokoa mkaa. Makaa mekundu, yale mazuri,
nayavutia upande wa boksi.
Povu la supu linashuka, linatulia.
Itachelewa kuiva.
Na ichelewe.