Zikiwa Safi

Jumanne, saa kumi na moja jioni,
nafungua mlango wa pembeni wa ukumbi wa zamani wa wafumaji,
nawasha hita. Inakohoa kwanza, ndipo ipate moto.
Nje, Geelong inanyeshewa mvua nyembamba ya Julai,
ile isiyolowesha nguo bali mifupa.

Kazi yangu si kubwa.
Kuuliza jina, kulirudia nisilikosee.
Kutoa nakala. Kujaza birika.
Kusema, kabla mtu hajaketi sawasawa:
"Mimi si wakili. Najitolea tu.
Wakili yuko ndani, atakuita."
Maneno haya yamenyonyeka mdomoni mwangu kama peremende.

Wanakuja na karatasi zao katika mifuko ya duka la nyama,
katika bahasha zisizofunguliwa tangu Pasaka.
Mmoja alizileta ndani ya sufuria, kifuniko juu,
kana kwamba zingechemka njiani.
Kijana wa machinjioni aliyekatwa mshahara kwa kuvunja kisu.
Mama wa mapacha asiyetaka jina la mumewe litajwe kwa sauti.
Na leo Zdenka Brajković,
miaka ishirini na sita kiwanda cha magari
hadi kiwanda kilipofunga geti;
vidole vyake bado vimejikunja, vinangoja spana.

"Nimeandikiwa," anasema, na haongezi.
Napokea barua. Mashine inapitisha mwanga wake wa kijani chini ya karatasi,
na hapo naiona.

*Huna budi kuhama
na kukabidhi funguo zote, zikiwa safi.*

Zikiwa safi!
Nani huosha funguo?

Mimi ndiye niliyeandika hivyo,
mwaka wa tisini na nne, orofa ya pili, juu ya benki,
katika ofisi ya wakala wa nyumba, Bwana Cuthbertson.
Nilikusudia nyumba. Nyumba ikiwa safi.
Neno likaruka, hakuna aliyelirudisha.
Barua ikanakiliwa, ikazaa.
Wakala akauza ofisi, mnunuzi akaichukua pamoja na makabati,
na barua yangu ikaendelea kwenda kazini
miaka kumi baada ya mimi kustaafu.

Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe.
Nilichimba mimi, wakaingia wengine.
Sikuwahesabu. Barua sita kwa wiki,
nane kabla ya Krismasi,
nalamba bahasha huku nikiwaza chakula cha usiku.

Nakumbuka na jingine: siku.
Bwana Cuthbertson alitaka zihesabiwe tangu barua kuandikwa,
si tangu ifike mlangoni.
Nilimwambia, mara moja, kwa sauti ndogo.
"Hakuna atakayehesabu," akasema.
Na kweli, hakuna aliyehesabu.

Nagonga kwa wakili. Dilini Wickramaratne,
umri wa binti yangu wa mwisho, anakula tambi kikoponi.
"Kushauri si kazi yangu," nasema,
"lakini hesabu siku."
Nabonyeza tarehe kwa kidole, kidole kilekile.
Anahesabu kwa ncha ya kalamu. Anarudia.
Anaweka uma chini.
"Umejuaje?"

Birika likalia.
Nikaenda kulizima.

Zdenka hakushinda. Alipata wiki tano
za kutafuta pengine.

Siku ya kuhama alipita kwetu, gari la mizigo likinguruma barabarani,
akafungua leso mezani pangu:
funguo tatu, zinang'aa, zinanuka siki.
"Waliandika ziwe safi," akasema,
"nisije nikaonekana mtu wa ovyo."

Ulimi wangu ulikuwa na la kusema.
Nikavuta daftari,
nikamwuliza jina lake, ingawa nalijua,
nikalirudia polepole,
nisilikosee.