Toa Umri

Mia mbili na ishirini, toa umri:
ndivyo Masengo alivyoniandikia
nyuma ya karatasi ya dawa za presha,
akapiga mistari miwili chini ya hesabu.
Binti yangu ni muuguzi, hapendi mabishano.

Lakini nitoe umri gani?
Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa
"karibu na" elfu moja mia tisa sitini.
Karibu na, kama mtu anayekuelekeza dukani.
Mama alisema ni mwaka ule mvua ilichelewa,
mahindi yakanyauka yakiwa yameshaota ndevu.
Basi nikatoa sitini na tano, chenji nikamwachia Mungu.
Ikabaki mia moja hamsini na tano.
Huo ndio mwisho wa reli ya moyo wangu.

Miaka thelathini na moja niliendesha treni,
Lubumbashi hadi Kamina,
jicho moja njiani, jicho moja kwenye sindano:
kijani, achia;
njano, sikiliza;
nyekundu, muombe fundi msamaha mapema.
Kwa hiyo Masengo alipotaja kanda tano
mimi nilisikia stesheni.

Saa kumi na moja alfajiri, Katuba bado imejifunika,
nasukuma meza hadi ukutani,
napiga hatua papo hapo, peku, juu ya sementi baridi.
Themanini na tano. Hapa ni kutoka tu uwanjani,
magurudumu yanasalimiana na reli.
Napanda kizingiti, nashuka, napanda,
tisini na nane, mia na tatu: Likasi.
Hapa ndipo anapotaka nikae nusu saa,
mahali mtu anaweza kusimulia habari
bila kukata sentensi.
Basi nasimulia. Nalisimulia kabati.
Naliambia bukari ya jana ilivyokuwa ngumu,
na jinsi marehemu mke wangu alivyokuwa akiisonga
kana kwamba kuna mtu amemkosea ndani ya sufuria.

Tenke ni kuchuchumaa na kuinuka, nimeshika kiti.
Sentensi zinaanza kupoteza mikia.
Baada ya hapo ni bidoni ya lita ishirini,
kutoka bombani hadi jikoni, mara tatu,
na maneno yanashuka mojamoja:
mia. na. thelathini.
Mama Kapya anachungulia juu ya ukuta:
"Mzee, nani anakukimbiza?"
Namwonyesha kidole, maana yake: subiri, nitajibu nikishuka mlima.

Kituo cha tano sikijui.
Masengo amekifunga kwa wino mwekundu.

Kuranti ikikatika siku tatu, saa ya mkononi inakufa.
Narudi kwenye vidole viwili chini ya taya,
nahesabu kwa sekunde kumi na tano, nazidisha kwa nne,
na sijawahi kupata jibu lilelile mara mbili.

Juzi usiku kuranti ilirudi. Nikachaji saa, nikaivaa,
nikaketi bila kazi yoyote.
Sitini na nane.
Ndipo nikaisikia, upande wa depo,
honi moja ndefu, mbili fupi.
Miezi minne pale hapakupita kitu ila mbuzi.
Nikatazama mkono: mia moja thelathini na moja.
Nimekaa. Viatu viko chini ya kitanda.
Mjukuu wangu Ngoie akanishika bega,
"Babu, unakwenda wapi?"
Sikumjibu, nilikuwa nahesabu mabehewa
kwa mdundo wa maungio ya reli,
kumi na tatu, kumi na nne,
na lililofuata lilikuwa linalia.

Jumapili Masengo atadai daftari.
Nimeandika: kanda ya pili, dakika thelathini.
Kanda ya nne, dakika sita, kitini.
Penye sababu nimeandika:
waambie wapake grisi behewa la kumi na tano.