Ukurasa wa 371

Kamati ya nishani imeniandikia tena:
tuletee hesabu ya Profesa Borbándi kabla ya Ijumaa.
Basi nahesabu. Ndiyo kazi yangu, ghorofa ya pili,
maktaba ya kitivo cha tiba, Szeged,
dirisha likitazama mto Tisza na ukungu wake wa Novemba.

Makala mia mbili na kumi na mbili.
Nukuu elfu kumi na moja, mia nne na tisa;
nilipokwenda kuchemsha kahawa na kurudi, mia nne na kumi.
Kipimo cha h: hamsini na nane.
Ilka mwenyewe hukiita namba ya kiatu cha jitu.

Makala iliyobeba nyumba nzima ni moja,
ya mwaka elfu mbili na mbili: mizani ya kupimia
mkono uliolegea baada ya kiharusi, alama sifuri hadi ishirini.
Inatajwa Osaka, inatajwa Lyon, inatajwa Porto Alegre,
na kila inapotajwa, ukurasa ni wa 317.
Nilishuka ghalani nikalifungua jarida lenyewe, vumbi likatimka.
Ukurasa ni wa 371.
Mtu mmoja alikosea, zamani, pengine usiku, pengine mtoto akilia;
wa pili akamnakili wa kwanza, wa tatu akamnakili wa pili,
kama kondoo wanavyofuatana langoni,
hadi watu elfu mbili na mia tatu wamebisha hodi
mlango wa jirani,
na hakuna aliyegundua kuwa hakuitikiwa.

Nilimwambia. Alicheka hadi akavua miwani.
"Kutajwa si kusomwa, Bözsi.
Hata marehemu hutajwa."

Kisha akaniuliza hali ya ile nyingine.
Ile ya chini kabisa ya orodha,
mahali ambapo kidole huchoka kabla ya kufika:
ya mwaka tisini na nne, kurasa tatu, kwa Kihungari,
Dereva wa Tramu Aandikaye Asichoweza Kukisoma.
Nukuu mbili.
Moja ni yake mwenyewe.
Ya pili ilimkusudia Borbándi mwingine, bingwa wa maradhi ya nyuki.

Dereva aliitwa Kerekes Dezső.
Aliamka alfajiri moja akakuta majina ya vituo
yamegeuka viluwiluwi.
Mkono ulikuwa mzima. Uliandika barua nzima kwa mkewe,
mwandiko wa shule ya zamani, mikia ya herufi ikipinda kwa adabu;
ukimrudishia karatasi ileile, anakukodolea macho:
"Nani kaandika haya?"

Borbándi, wakati huo daktari kijana mwenye koti la kuazima,
alikaa naye Jumanne kumi na moja.
Alimfundisha kusoma kwa ngozi:
herufi moja moja juu ya kiganja, polepole,
kama mchoraji wa hina asiyetaka kurudia.
Neno la kwanza lililomrudia lilikuwa mkate.
Akalia.
Hilo halimo katika makala. Mhariri alilikata,
akasema kilio si matokeo.

Jana, baada ya kufunga, nilizisoma zile kurasa tatu,
zote, hadi tanbihi na shukrani kwa muuguzi wa zamu.
Nikatazama skrini.
Mbili.
Macho yangu hayaingii kwenye hesabu.

Nikajaribu mwenyewe: nikafumba macho,
nikajiandikia kiganjani kwa ukucha, tatu, saba, moja.
Inatekenya. Saba inachelewa kueleweka.

Ijumaa nimetuma jedwali, nimesahihisha ukurasa.
Kamati imejibu kwa heshima zote:
namba hiyo hailingani na kumbukumbu zetu,
tafadhali rudisha 317.

Nimerudisha.
Kahawa imepoa. Sasa ni mia nne na kumi na tatu.