Kilo Ishirini na Tatu na Nusu

Si uzito unaovunja, Mama Aikande.
Ni nafasi.
Kitu kikipata pa kuchezea ndani ya boksi
kitacheza hadi Singida, kitacheza hadi Mbeya,
na Sumbawanga kitafika kimepasuka shingo.

Alikuwa ameshuka kutoka Kibosho na kichwa cha cherehani,
amekifunga shuka, mgongoni, kama mtoto mwenye homa.
Kichwa tu. Meza na kanyagio vimebaki nyumbani.
"Haikaeli amepata chumba cha duka," alisema,
"na mimi tundu la sindano siku hizi nalitafuta kwa ulimi."
Akacheka kidogo. Mimi nikatazama boksi.

Boksi hufia kitakoni.
Hilo nilifundishwa na Bwana Exaud, aliyekuwa Posta hapo ng'ambo,
dirisha la vifurushi, enzi za lakiri:
kijiti chekundu juu ya mshumaa, tone kwenye fundo,
muhuri, shii,
na ncha za vidole vyake zilikuwa zimeungua
hadi zikawa laini kama sabuni ya jana.
"Chini kwanza," alikuwa akisema. "Juu kila mtu hukumbuka."
Basi nikalipindua, nikapiga solotepu,
mkanda mmoja katikati, miwili kingoni, kisha tena,
nikitandaza kwa kidole gumba upepo usibaki.
Boksi ndani ya boksi: la sabuni ndani ya la biskuti.

Tulichomoa sindano. Gurudumu tulilifunga lisizunguke.
Shingo tuliivika soksi mbili za shule.
Vitambaa alileta mwenyewe, kiroba kizima,
mabaki ya miaka thelathini na moja:
kola za kwaya ya parokia, mifuko ya kaptula za kaki,
pindo la gauni la arusi ya watu walioachana zamani.
Pembeni majani makavu ya mgomba,
nikayasokomeza mpaka yakanyamaza.
Nikalitikisa. Nikatega sikio.
Kimya ndicho kipimo.

Kisha kamba ya katani, msalaba,
goti juu ya boksi, vuta, fundo,
na kiganja kikachanika palepale kinapochanika kila wiki.
Mizani ikasema ishirini na tatu na nusu.
Nilikuwa nimeshashika makapeni.

"Fungua," akasema.
"Kuna nini?"
"Bobini. Nimesahau bobini."

Kufungua kifurushi kilichofungwa sawasawa
ni kumtukana aliyekifunga, hata kama ni wewe.
Nilikata. Solotepu ikabanduka na ngozi ya boksi.
Akazamisha mkono katikati ya vitambaa, hadi kiwikoni,
akakaa hivyo.
Likapita gari la magazeti. Likapita la taka.
Nikasikia, chini kabisa, kamba yangu ikilegea
na gurudumu likizunguka mara moja, tiki-tiki-tiki,
bila uzi.
Sikuona bobini ikiingia. Sikuuliza.
Alipotoa mkono niliingiza wangu, nikalifunga upya.
Chuma kilikuwa na joto.

Mara ya pili huwa si safi. Gundi hukataa
palipokwisha kubanduliwa. Nilizungusha raundi tatu za ziada
na sikuzitoza.
Anwani niliiandika mara mbili: ndani, juu ya kitambaa,
na nje, ingawa ya nje ni mali ya mvua na makuli.
HAPA JUU, nikaandika, nikachora na mshale,
nikijua hakuna atakayeutii.

Tulivuka nalo barabara, yeye huku, mimi kule,
mmoja wetu akitembea kinyumenyume.
Risiti aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.
"Nikifika nyumbani," alisema,
"lile kanyagio nitaliwekea mguu.
Nione kama linajua."